Sintaksia imefagiwa, taka zimesukumwa kwa fonolojia

Mhariri,

Nimeisoma makala mliyoichapisha katika safu ya lugha kuhusu Uminimalisti, nadharia ya mwanaisimu Chomsky inayotaka sarufi ibaki na kile tu kisichoepukika, ile iliyodai kwamba sarufi sasa imerahisishwa hadi kubaki operesheni moja tu, na kwamba walimu wa lugha wanaweza kuachana na msitu wa kanuni za zamani. Mwandishi amejitahidi. Si kila siku mada kama hii hupata nafasi gazetini, na ameiandika kwa lugha inayosomeka. Lakini ameisimulia habari yote akiwa amesimama upande wa sintaksia, yaani muundo wa sentensi. Mimi nimefundisha fonolojia, mfumo wa sauti za lugha, maisha yangu yote ya kazi, na kwa upande wetu sura ni nyingine. Sintaksia imefagiwa kweli, sikatai. Ninachouliza ni taka zimepelekwa wapi, kwa sababu nikiangalia uani kwetu naona lundo ambalo halikuwapo.

Kwanza niseme alichokipata sawasawa. Katika kielelezo cha mwaka 1981 Chomsky alikuwa na ngazi nne za uwakilishi: umbo la ndani, umbo la nje, umbo la kifonetiki na umbo la kimantiki. Katika insha ya mwaka 1993, na baadaye katika kitabu cha mwaka 1995 kilichoupa mradi huu jina, aliuliza ni ngazi zipi ambazo hatuwezi kuziepuka. Sentensi lazima itamkwe na lazima ieleweke, kwa hiyo sauti na maana zikabaki. Umbo la ndani na umbo la nje yakaondolewa, kwa kuwa hakuna aliye nje ya sarufi anayeyahitaji. Zikafuata kuondolewa ngazi za virai zenye alama zake, faharasa (zile herufi ndogo za kuonyesha nani ni nani), na zile alama tulizokuwa tukiziacha mahali neno lilipohama. Sharti likawekwa kwamba sentensi nzima ijengwe kwa yale tu yaliyotoka katika msamiati. Njiani usiongeze kitu.

Kilichobaki ni kuunganisha. Chukua *soma*, chukua *kitabu*, viunganishe, umepata kitu kimoja chenye viwili ndani yake. Kichukue hicho ukiunganishe na kingine, na kuendelea bila kikomo. Ukichukua kitu kilichomo tayari ndani ya muundo na kukiunganisha tena juu yake, hapo umepata kile tulichokuwa tukikiita uhamishaji. Ni wazo zuri, na nimeona wanafunzi waliokuwa wakiogopa michoro matawi wakilishika kwa kipindi kimoja.

Sasa hapo ndipo makala yenu iliponyamaza. Kitu kilichotokana na *soma* na *kitabu* hakina mpangilio. Ni seti tu. Katika seti hakuna cha kwanza wala cha pili, hakuna kushoto wala kulia. Mdomo nao hauwezi kutamka seti. Hutamka kimoja baada ya kingine. Nani ataamua kwamba Kiswahili kitangulize kitenzi na kufuatisha nomino, ilhali Kijapani kifanye kinyume? Mwanasintaksia Kayne alipendekeza mwaka 1994 kwamba mpangilio unasomwa moja kwa moja kutoka katika ngazi za muundo, na kwamba lugha zote zina mpangilio mmoja wa msingi. Chomsky mwenyewe amezidi kuegemea jibu jingine: mpangilio si kazi ya sintaksia kabisa, ni kazi ya kuitoa sentensi nje. Yeye na mwenzake Berwick, katika kitabu chao cha mwaka 2016, wanasema hata tofauti kubwa kati ya lugha na lugha zinakaa huko huko, katika utoaji nje.

Utoaji nje ni sisi, Mhariri. Ni mofolojia, maumbo ya maneno, na fonolojia. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba sarufi imekuwa nyepesi, ajue kwamba mpangilio wa maneno, maumbo ya viambishi, mikazo, tofauti za lugha elfu kadhaa duniani, vyote vimehamishiwa ofisi yetu. Wala Chomsky hakulificha hilo. Kitabu cha mwaka 1995 chenyewe kinasema kwamba lile sharti la kutoongeza kitu njiani linashikilia vizuri kuelekea kwenye maana, lakini kuelekea kwenye sauti, kwa nadharia zilizozoeleka, linavunjwa vibaya. Silabi, mkazo, kiimbo: hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwamo katika msamiati kwa sura hiyo. Mwaka 1989 mwanafalsafa Bromberger na mwanafonolojia Halle walikwisha kuandika makala nzima kutetea kwamba fonolojia ni kitu cha aina nyingine, yenye kanuni zinazofuatana kwa zamu, moja ikimaliza nyingine ianze. Mwanasintaksia akisoma hayo hupumua. Mimi huona ni talaka iliyoandikwa na upande mmoja.

Nitoe mfano mmoja na kukaa nao, kwa sababu mjadala huu bila data ni kupiga porojo.

Chukua kitenzi *-ja*. Tunasema *anakuja, alikuja, atakuja, amekuja, angekuja*. Lakini tunasema *haji, aje, akija, akaja, huja*. Ile *-ku-* inayojitokeza hapa na kutoweka pale inafanya nini? Haiongezi maana. Linganisha *anakuja* na *anasoma*: njeo, yaani wakati, ni ileile, nafsi ni ileile, hakuna anayesikia kwamba wa kwanza ana jambo la ziada. Mwanasintaksia mwenye kufuata sharti lake angefurahi kuniachia *-ku-* hii, na kwa kweli jibu la kwanza ninalo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *anasoma* unakaa kwenye *so*, ndani ya mzizi. Kama tungesema *anaja*, mkazo ungelazimika kuangukia *-na-*, na *-na-* haikubali mkazo. Basi *-ku-* huingia ili kuupokea.

Ushahidi wa jibu hili ni mzuri. Simba *anakula*, lakini swala yule simba *anamla*: kiambishi cha mtendwa kimefika, kimepokea mkazo, na *-ku-* haina kazi tena. Kitenzi *-pa* kikiwa na mpokeaji wake ndani hakiiombi *-ku-* hata siku moja: *anampa, alinipa, watatupa*. Tazama pia *atakayekuja* dhidi ya *ajaye*. Katika la pili kirejeshi, ile *-ye*, kimekaa mwisho, mkazo umerudi kwenye *-ja-*, na *-ku-* imetoweka. Kila mwaka nilikuwa nikiwapa wanafunzi data hii na kila mwaka walirudi na jibu la mkazo, wamefurahi. Halafu niliwauliza swali la pili.

Kwa nini *-na-* ikatae mkazo na *-ka-* iukubali? Zimejengwa sawa, konsonanti na *a*. Kwa nini *-li-* ikatae na *-ki-* ikubali? Usiniambie ni konsonanti. *T* ya *tuje* inakubali, *t* ya *atakuja* inakataa. *Ni* ya *nije* na ya *alinipa* inakubali, *na* ya *anakuja* inakataa. Sauti hazina habari hiyo. Ili kanuni yangu ya mkazo ifanye kazi inabidi niipe orodha ya majina: hawa ruhusa, hawa marufuku. Kanuni ya fonolojia inayohitaji orodha ya majina imeshindwa, hata kama inatoa majibu sahihi.

Historia ina la kusema. *-ta-* ilitokana na *taka*. *-Li-* ni kile kitenzi cha kuwa ambacho bado kiko hai katika *nilipo* na *tulio*. *-Na-* ni *na* ile ya kuwa na kitu. *-Me-* ilitokana na kitenzi cha kale cha kumaliza. Vyote hivi viliwahi kusimama kama kipande cha kwanza, kikifuatwa na kitenzi-jina, kile chenye *ku-*: *ali*, halafu *kuja*. *-ki-* na *-ka-* hazikupitia njia hiyo. Kwa hiyo *-ku-* ya *anakuja* ni ileile ya *kuja*, haikuokotwa njiani.

Lakini historia haimo kichwani mwa mtoto wa miaka mitatu, na mtoto huyo hakosei *akija*. Lazima kuwe na kitu katika sarufi yake ya leo. Kitu hicho, naona, kiko wazi ukikitazama kirejeshi. *Aliyekuja, anayesoma, atakayekuja*: kirejeshi kinajipachika katikati, mara tu baada ya kiambishi cha njeo. *Ajaye, asomaye*: kinakaa mwisho. Mahali pawili tofauti? Hapana, ni mahali pamoja. Kirejeshi hukaa mwisho wa kipande cha kwanza. Katika *ajaye* kipande ni kimoja tu, *aja*, na kirejeshi kimekaa mwisho wake. Katika *aliyekuja* vipande ni viwili, *ali* na *kuja*, na kirejeshi kimekaa mwisho wa *ali*. Mwanaisimu Barrett-Keach alitetea mwaka 1986, katika jarida la Linguistic Inquiry, kwamba ndani ya kitenzi cha Kiswahili kuna mpaka wa namna hii. Hiyo ni karibu miaka kumi kabla ya kitabu cha Uminimalisti kutoka.

Ukishaukubali mpaka huo, orodha yangu ya majina inayeyuka. Mkazo hautazami *-na-* ni nani. Unatazama kipande cha mwisho na kudai silabi mbili. *Soma* ina mbili, inatosha. *Mla* na *mpa* zina mbili, kwa kuwa *m* hiyo ni silabi kamili. *Ja* ina moja, haitoshi, kwa hiyo *ku-* inabaki. Katika *akija, akaja, haji, aje*, hakuna mpaka, neno zima ni kipande kimoja, silabi zimetosha. Hata amri inafuata: *soma!* lakini *kufa!*, *kula!*. Hakuna kiambishi cha njeo pale, ila sharti la silabi mbili ni lilelile.

Na mpaka wenyewe umetoka wapi? Hapa nawapa Waminimalisti haki yao, tena kwa furaha. Katika makala za mwaka 2000 na 2001 Chomsky alipendekeza kwamba sentensi haipelekwi kwenye sauti na maana kwa mkupuo mmoja bali kwa awamu, na awamu iliyokwisha kupelekwa hufungwa. Kama ngazi ya kitenzi ni awamu moja na ngazi ya juu yake ni nyingine, basi fonolojia inapokea vipande viwili bila kuombwa, na haihitaji kuambiwa kwa nini. Inasoma tu ilichopewa. Sintaksia haisemi neno kuhusu mkazo, fonolojia haisemi neno kuhusu njeo, na bado *anakuja* inatoka sahihi. Hii ndiyo aina ya usafi ninayoweza kuiheshimu: kila upande umefanya kazi yake, na hakuna aliyemsukumia mwenzake.

Ona basi tofauti na alivyoandika mwandishi wenu. Kwake Uminimalisti ni kupunguza idadi ya kanuni upande mmoja. Kwangu ni swali la kuulizwa pande zote mbili kwa ukali uleule: hiki ulichokiweka, kingeweza kukosekana?

Kwa upande wetu swali hilo tuliliepuka muda mrefu, na sitatetea wenzangu. Kitabu kikubwa cha Chomsky na Halle cha mwaka 1968 kilitupa zana za kuandika kanuni yoyote ile, ya busara na ya kipuuzi, kwa alama zilezile. Waandishi wenyewe walilitambua tatizo hilo katika sura ya tisa, wakaanza kulitafutia dawa. Mwaka 1976 Goldsmith alitusaidia kwa kuzitenga toni katika safu yake, akitumia data ya lugha za Afrika kama Kiigbo. Lakini itazame 1993. Mwaka uleule ambao Chomsky anachapisha insha ya kupunguza, Prince na Smolensky wanatoa nadharia ya Umbo Upeo, ambayo inaweka kichwani mwa kila binadamu rundo la masharti ya ulimwengu mzima, na lugha kutofautiana kwa kuyapanga tu upya. Wakati jirani anafagia, sisi tulikuwa tukinunua samani.

Baadaye wakaja waliouliza. Hale na Reiss, tangu mwaka 2000, wanadai kwamba fonolojia isibebeshwe habari za urahisi wa kutamka. Mambo hayo ni ya fonetiki na ya historia ya lugha, na ukiyarudia ndani ya sarufi umeeleza kitu kimoja mara mbili. Samuels katika kitabu chake cha mwaka 2011 anajaribu kuipunguza fonolojia hadi vitendo vichache sana: kutafuta, kunakili, kufuta. Nevins mwaka 2010 alichukua ule upatanisho wa sintaksia, kitu kimoja kutafuta kingine kilicho karibu nacho kabisa, akautumia kueleza mwafaka wa irabu, yaani irabu moja kufuata sura ya nyingine.

Jaribu hilo kwa kauli ya kutendea. *Andikia, fungia, katia*, lakini *semea, somea*. Kiambishi kinatazama kushoto, kinakutana na irabu ya kwanza, na ikiwa ni *e* au *o* kinanakili kimo chake, yaani ulimi ulivyo juu au chini. Hakiruki irabu kwenda mbali zaidi. Sasa nenda kauli ya kutendua: *fungua, zibua, pangua*, na *chomoa*. Je, baada ya *e*? *Tegua*, si *tegoa*. *U* hii haishuki kwa sababu ya kimo peke yake. Inataka irabu ya kati ambayo pia ni ya mviringo kama yenyewe. Viambishi viwili, utafutaji uleule, na sharti moja la ziada kwa mmoja wao. Hale na Reiss wangesema sharti hilo ni mabaki ya historia. Inawezekana. Lakini mtoto amejifunza, na kilichojifunzwa kina mahali pa kukaa. Kikikosa mahali katika nadharia nyembamba, wembamba huo ni wa karatasi.

Jambo moja zaidi, kwa haraka, maana mwandishi wenu alihitimisha kwa kulalamika kwamba nadharia hizi zimeshonwa kwa lugha za Ulaya na sisi tunavalishwa tu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mavazi hayo yamepasuliwa hapa kwetu na si kwingine. Katika ile nadharia ya mwaka 2000 na 2001, nomino ikishapatana na kitenzi na kupata uhusika wake, alama ya nafasi yake kama kiima au yambwa, inapoa. Haiwezi kupatana tena. Kwa Kiingereza linaonekana sawa. Halafu soma: *Wanafunzi walikuwa wangali wanasoma.* Nomino moja, *wa-* tatu kwenye vitenzi, na hakuna Mswahili anayeshtuka. Mwanaisimu Carstens ameandika tangu 2001 kwamba data ya Kibantu ya namna hii, ikiwamo ya Kiswahili, inalazimisha sharti hilo lifikiriwe upya, akielekeza kidole kwenye ngeli: ngeli ni mali ya nomino yenyewe, haiishi kwa kutumika. Kwa hiyo hatukukaa kando kupokea. Na ningeomba wanafunzi wetu wanaochagua mada za tasnifu waache kuandika kichwa cha aina ya "uminimalisti na kishazi fulani", ambapo sura nne zinaeleza nadharia na ya tano inachora matawi kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Nadharia haina haja ya kupongezwa. Ipelekeni mahali inapokwama.

Mahali pamoja ninapajua, na hapo naomba mwandishi wenu anijibu. Nimesema kipande cha mwisho kinadai silabi mbili, na *ku-* hubaki pale tu zinapopungua. *Enda* ina silabi mbili tayari, na kweli watu husema *anaenda*. Lakini *anakwenda* na *alikwenda* ziko hai, katika vitabu na vinywani, vilevile *amekwisha* kando ya *ameisha*. Kisha nenda kwenye amri ya wengi: *kuleni*. *Leni* ingetosha silabi, na bado *ku-* imeng'ang'ania. Sintaksia ikisema hilo ni la fonolojia, nimeonyesha kwamba hesabu ya silabi haitoshi. Mimi nikisema ni la sintaksia, nitaombwa nionyeshe ni awamu ipi iliyoibakiza. Aanzie hapo katika makala yake ijayo, ambayo, aangalie vizuri, haina *-ku-*.

Mwalimu mstaafu wa fonolojia